Anachokatazwa Mjamzito na Anachoachiwa



Huenda wengi mmekuja kusikiliza orodha ya vyakula vya kuepuka. Nitaigusa njiani, ila hoja yangu ni nyingine. Katika nyumba zetu nyingi mjamzito hukatazwa chakula ambacho mwili wake unakihitaji, kisha huachiwa, na mara nyingine hununuliwa, kile kinachomdhuru.

Chukueni yai. Wapo wazee wanaoshikilia kwamba mama akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Watoto wenye upara huzaliwa kila siku, na wa mama wasioonja yai wamo. Yai bichi, au lile ambalo kiini bado kinatiririka, lina hatari ya salmonela, hilo nalikubali. Lakini lililochemshwa likaiva ni protini ambayo mama wengi wanaweza kuipata bila kuchinja hata kuku.

Mama huyo huyo aliyekatazwa yai akienda sokoni atakuta udongo umepangwa mezani katika vijiti vilivyokaushwa vizuri. Tanzania tunauita pemba. Nairobi ni odowa. Hakuna anayemzuia. Watasema mimba ndiyo inayotaka.

Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kilifi, pwani ya Kenya. Kati ya wajawazito 275, 154 walikula udongo mara kwa mara, wengi wakiubandua kwenye kuta za nyumba. Kiwango chao cha kati kilikuwa gramu 41.5 kwa siku, na wastani wa hemoglobini yao ulikuwa gramu 9.1 kwa desilita, wakati wenzao wasiokula walikuwa na 10. Wakati huo Shirika la Afya Duniani lilihesabu kuwa mjamzito aliye chini ya 11 ana upungufu wa damu. Kwa hiyo makundi yote mawili yalikuwa na shida. Waliokula udongo walikuwa na shida kubwa zaidi. Huko Geita, Tanzania, utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta 155 kati ya wajawazito 340 wanakula udongo, na udongo wenyewe ulipopimwa ulikuwa na arseniki. Geita, tukumbuke, ni nchi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Je, udongo ndio unaopunguza damu, au upungufu wa damu ndio unaoleta hamu ya udongo? Takwimu za namna hii hazitoshi kuamua, na mimi nashuku mambo yote mawili yanakwenda pamoja. Chembe za udongo wa mfinyanzi zinaweza kuyashika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe. Tena udongo usiochomwa unaweza kubeba mayai ya minyoo. Ndiyo maana mama anayeukiri ulaji huu nisingemgombeza. Ningempima damu kwanza.

Kuna mwizi mwingine wa chuma, naye ni mpole zaidi: chai. Kikombe cha chai ya rangi kinywewacho pamoja na maharage na mchicha kinaweza kupunguza kwa zaidi ya nusu chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye mlo huo. Sisemi mama aache chai. Najua nazungumza na nani. Ainywe saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye mchicha wake akamulie limau. Kafeini nayo ina kipimo: Shirika la Afya Duniani linamshauri anayezidisha miligramu 300 kwa siku apunguze.

Wauguzi wetu humwambia aliyepungukiwa damu ale maini. Uingereza mjamzito huambiwa ayaache kabisa, kwa sababu yamejaa vitamini A, na ikizidi, hasa miezi ya mwanzo, yaweza kuharibu maumbile ya mtoto. Nani yuko sahihi? Kwa mama wa hapa, kipande kidogo mara moja kwa juma nakiona kinafaa. Sahani ya kila siku, hapana.

Kwa upande wa matunda, nanasi na papai lililoiva kuleni. Papai bichi liacheni, kwa sababu ya utomvu wake.

Maziwa yachemshwe, hata yanayokusudiwa kuwa mtindi, maana ugonjwa wa bruselosi unaweza kutoa mimba. Nyama choma iive mpaka ndani, na kachumbari ioshwe kwa maji safi. Kwa wale wanaodhani chakula cha dukani ni salama kwa kuwa kimefungwa, nawakumbusha Afrika Kusini. Mwaka 2017 na 2018 bakteria wa listeria waliwaambukiza zaidi ya watu 1,000, na zaidi ya 200 wakafa. Takriban nusu ya wagonjwa walihusiana na ujauzito, wengi wao wakiwa vichanga. Chanzo kilikuwa polony, nyama iliyo tayari kuliwa. Listeria huendelea kuzaliana hata kwenye friji, kwa hiyo ubaridi hautoshi. Nyama za namna hiyo zipashwe mpaka zitoe mvuke, au ziachwe.

Kuhusu pombe sina mjadala mrefu. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, na mbege, mnazi au ulanzi haupati msamaha kwa kuwa umepikwa au kugemwa nyumbani.

Nawarudia wauguzi wa kliniki. Mama anapokuja hudhurio la kwanza, muulizeni kwa sauti ya kawaida, kama mnavyomuuliza tarehe ya hedhi yake ya mwisho: unakula udongo, kiasi gani, unaupata wapi? Muulizeni pia nyumbani amekatazwa nini, na nani aliyemkataza. Kisha muiteni huyo aliyemkataza, awe mama mkwe au bibi, aje naye hudhurio linalofuata, kwa sababu ndiye mwenye funguo za jiko.