Njia za Miguu za Milima ya Udzungwa na Wajibu Wetu Sisi Makarani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Ifakara)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kutembea kwa miguu. Yamkini wengine wenu mtastaajabu, maana wengi wetu tulitafuta kazi ya mezani ili tusitembee tena. Wazee wetu walikwenda kwa miguu toka Ifakara hata Mahenge, wakiwa na mizigo vichwani, wakingoja mtumbwi kuvuka mto. Sisi twapanda basi na pikipiki, na tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018 hata kivuko tumeanza kukisahau. Hayo ni mema, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu. Hatukusimama hapa kuwataka mrudie taabu ya wazee. Twataka kusema juu ya njia zilizo mlimani, ambazo wageni huzijia toka nchi za mbali, na sisi tuishio chini yake twapita mbele ya lango lake mwaka hata mwaka bila kuingia. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi.

Kila mmoja wetu aliyesafiri toka Ifakara kwenda Kidatu ameiona milima hiyo upande wake wa kushoto. Ni ukuta wa kijani uanziao karibu kabisa na barabara na reli ya TAZARA, ukapanda hata mawinguni. Jina la Udzungwa latokana na Wadzungwa, watu wakaao upande wa pili wa milima. Mwaka 1992 Serikali ilitangaza sehemu yake kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 1,990, na makao yake makuu yakawekwa Mang'ula. Chini kabisa ni kadiri ya mita 250 juu ya bahari. Kilele cha Luhombero kinafika mita 2,576. Tena msitu wake wapanda toka bondeni hata juu bila kukatika, jambo ambalo ni nadra katika Afrika Mashariki, kwa kuwa mahali pengi miti ya chini imekwisha kukatwa kwa mashamba.

Sasa sikilizeni jambo lililo la pekee. Katika hifadhi nyingi mgeni hukaa ndani ya gari, akachungulia dirishani. Udzungwa hutembelewa kwa miguu. Tajiri na maskini, mgeni na mwenyeji, wote hupanda kwa nguvu za magoti yao wenyewe.

Njia zenyewe ni za kadiri mbalimbali. Iko fupi ya kilomita moja hivi karibu na Mang'ula, inayofaa watoto na wazee. Iko ya Sonjo, isiyozidi sana kilomita mbili na nusu. Iko ya Sanje, inayojulikana kuliko zote, ambayo ni mwendo wa saa nne hivi. Nayo humfikisha mtu kwenye maporomoko ya maji yaangukayo mita 170 kwa ngazi tatu. Akisimama pale juu huliona bonde lote, na mashamba ya miwa ya Kilombero yametandikwa kama mkeka. Iko njia ya kilele cha Mwanihana, kadiri ya kilomita 38, nayo yataka siku tatu na kulala msituni. Hata iko ndefu zaidi iitwayo Lumemo, kwa jina la mto ule ule upitao hapa mjini kwetu, kadiri ya kilomita 65.

Wala si Udzungwa peke yake iliyofungua njia za namna hii. Kule Amani, katika milima ya Usambara, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 kituo cha kujaribia mazao, wakapanda miti ya nchi nyingi. Mwaka 1997 msitu wa Amani ukawa hifadhi ya mazingira asilia, na leo watu hutembea kati ya miti ile iliyopandwa kwa majaribio na msitu wa asili ulio kando yake. Kadhalika huko pwani, Saadani ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ndani yake liliingizwa lililokuwa shamba kubwa la ng'ombe la Mkwaja. Na sasa mtu aweza kutembea na askari wa hifadhi, akaona wanyama wa bara na mawimbi ya bahari siku moja. Twataja mahali hapa ili ifahamike kwamba ardhi hubadili matumizi yake. Lililokuwa shamba huwa msitu, na lililokuwa zizi huwa matembezi. Lakini kila ibadilikapo, swali hubaki lile lile: wale walioijua ardhi hiyo kwanza wamewekwa wapi?

Kwa swali hilo tutawasimulia habari ya kweli iliyotokea katika bonde letu. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na W. A. Rodgers, walikuwa katika msitu ulio juu ya Sanje. Wakasikia mlio wa mnyama wa jamii ya nyani ambaye hawakumtazamia mahali pale, maana vitabu havikumtaja. Kiongozi wao wa njia hakushangaa. Akawaambia jina lake, kwamba huyu ni ngolaga. Baadaye habari ikachapishwa, na ulimwengu ukasema kuwa mnyama mpya amegunduliwa. Leo yajulikana kwamba hapatikani popote duniani ila katika milima hii ya Udzungwa.

Mabwana na mabibi, fikirini neno hilo, "mpya". Mnyama aliyekuwa na jina, akijulikana kwa mlio wake na watu wa chini ya mlima, aliitwa mpya kwa sababu jina lake halikuwamo katika karatasi. Ikawa hivyo tena kwa kipunji, aliyeonekana na wataalamu katika nyanda za juu za kusini mwaka 2003, kisha katika msitu wa Ndundulu wa Udzungwa mwaka 2004. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja zamani, na jina lake ni la kwao. Hatusemi haya kuwadharau wataalamu. Walipanda, wakaloa mvua, wakaumwa na siafu, wakaandika. Na kwa kuandika kwao msitu ukapata heshima, na kwa heshima ile ukapata ulinzi. Ila twasema hivi: aliyejua hakuandika, na aliyeandika alimkuta anayejua. Na ni nani katika nchi yetu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuandika? Ni sisi makarani.

Sasa twaingia katika jambo zito zaidi, wala hatutalificha. Hata baada ya hifadhi kutangazwa, watu wa vijiji vya kando waliruhusiwa kwa miaka mingi kuingia kwa siku maalumu kukusanya kuni zilizokauka. Walioingia zaidi walikuwa wanawake. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma, kwa kuwa ilionekana msitu wa chini unadhoofika. Tulipopanda Sanje na watumishi wenzetu wanne, katika kiangazi kilichopita, tulinunua ndizi kwa mama mmoja kando ya barabara. Akatuuliza twatoka wapi. Tulipomwambia, akasema, "Wanangu, njia ile nilikuwa naipita na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni. Hata usiku naweza kuipita bila taa. Lakini tangu walipofunga sijaingia, maana sasa huingia wenye tikiti." Alisema bila hasira, akaendelea kupanga ndizi zake. Nasi tulikosa jibu la haraka, kwa sababu alisema kweli.

Jibu lipo, nalo yafaa litolewe kwa adabu. Msitu ule ndio unaotunza maji yetu. Mto Lumemo washuka toka huko; na mito ishukayo Udzungwa huongeza maji ya Kilombero, ambao wachangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Mlima ukivuliwa miti, mvua haitakuwa na wa kuizuia. Mafuriko ya masika ya mwaka 2024 tuliyaona kwa macho yetu hapa Ifakara, nyumba zikisimama katika maji. Mtu asituambie kwamba habari za mlimani hazitufikii. Kwa hiyo kulinda msitu ni haki. Lakini haki hiyo haimwondolei mama yule ujuzi wake, wala haitupi ruhusa ya kumsahau. Msitu uweza kufungwa kwa shoka na panga, ukabaki wazi kwa macho na masikio ya watu wake. Hapo ndipo penye kazi yetu.

Wako watakaosema, "Kutembea msituni bila haja ni desturi ya wageni." Twajibu, kwenda kutazama kazi ya Mungu si desturi ya taifa moja. Wengine watasema, "Hatuna fedha." Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kuliko cha mgeni; mtu akiweka akiba kidogo kila mwezi, ataweza yeye na mtoto wake. Wengine watasema, "Kuna nyoka na ndovu." Ni kweli, ndiyo sababu haifai mtu kwenda peke yake bali pamoja na kiongozi wa njia au askari wa hifadhi, asubuhi na mapema, akiwa na viatu vya kushika vizuri na maji ya kunywa. Wengine watasema miili imezoea kiti. Hao ndio wenye haja kuliko wote! Mganga yeyote wa hospitali atawaambia kwamba mwili ukaao kutwa nzima hukusanya maradhi. Waanze kwa kilomita moja. Mwenda pole hajikwai.

Basi, tusiwachoshe. Twaleta mbele ya mkutano huu mashauri manne, mpate kuyafikiri na kuyapigia kura.

La kwanza, Chama kichague Jumamosi moja ya kiangazi, kati ya mwezi wa Juni na Oktoba, wakati njia hazitelezi, wanachama waende pamoja kupanda Sanje. Na wasioweza kupanda sana washike njia fupi ya Mang'ula. Fedha zikusanywe kidogo kidogo tangu sasa na Mtunza Hazina.

La pili, kila mwanachama aende na watu wawili: mtoto mmoja wa shule, na mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyeijua milima kabla ya 1992. Kiingilio cha mzee kilipwe na Chama. Na mama yule wa ndizi awe wa kwanza kualikwa, kama atapenda.

La tatu, liwekwe daftari. Katika daftari hilo yaandikwe majina ya miti, ndege, wanyama, vijito na mawe, kama wazee watakavyoyataja kwa Kindamba, Kipogoro, Kimbunga, Kihehe au lugha nyingine, na mbele ya kila jina iandikwe imetajwa na nani na mahali gani. Tusiyasahihishe kwa kufuata vitabu; tuyaandike kama yalivyosemwa. Kazi hii haihitaji elimu ya chuo kikuu. Yahitaji mwandiko safi, sikio la uangalifu na subira, na vitu hivyo ndivyo tunavyolipiwa mshahara.

La nne, daftari likipata kurasa za kutosha, nakala ipelekwe kwa wakuu wa hifadhi kule Mang'ula, pamoja na barua ya heshima. Tuwaombe kwamba majina hayo yatumike katika vibao vya njiani na katika mafundisho ya viongozi wa njia. Tena tuwaombe wafikirie kuweka siku kila mwaka ambapo akina mama wa vijiji vya kando waingie bure kama wageni wa heshima. Hatuwezi kuahidi kwamba wataitikia. Lakini barua iliyoandikwa vizuri, yenye hoja na isiyo na matusi, haitupwi upesi. Na ikiwa itakaa mezani bila jibu, sisi ndio tunaojua namna ya kuandika ya pili kuikumbusha.

Wanachama wenzetu, wazee waijuao milima ile hupungua kila mwaka. Vijana wetu wajua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya, wala si vibaya, lakini ukimwonyesha mmoja wao mti wa Udzungwa atakuambia, "Ni mti tu." Miaka ishirini ijayo mgeni akija kuuliza mlio huu ni wa nini, huenda asiwepo kiongozi wa kumwambia jina, ila atakayefungua kitabu kilichoandikwa kwingine. Hatupendi jambo hilo litokee katika bonde lenye makarani wengi kama hili, wenye kalamu mifukoni.

Mwenyekiti, tumemaliza. Daftari tupu tumekwisha kulinunua, lipo hapa mezani. Twaomba mashauri yafunguliwe.