Panda Waridi Linalonukia

Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi, jijini Eldoret



Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza mawaridi mengi Ulaya, na baadhi ya mashamba yako huku kwetu nyanda za juu. Lakini nusa mengi ya maua hayo: hayanukii. Udongo wetu hauna kosa. Waliozalisha aina hizo walitafuta shina imara na ua linalodumu siku nyingi baada ya safari ya ndege. Harufu ikaachwa nyuma.

Nyumbani kwako hakuna ndege ya kuwahi. Panda waridi la pinki la jamii ya haibridi ti, ambalo shina refu hubeba ua moja kubwa. 'La France', linalohesabiwa na wengi kuwa la kwanza la jamii hiyo, lilitolewa Ufaransa na Jean-Baptiste Guillot mwaka 1867. Lilikuwa la pinki, na lilinukia sana.

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na ubaridi wetu hulifaa waridi. Kilichobaki ni matunzo.

Kabla ya kununua mche, nusa ua lake asubuhi. Chagua mahali panapopata jua angalau saa sita. Chimba shimo la sentimita 45, changanya udongo na samadi iliyooza, kisha panda mvua inapoanza.

Mwagilia shinani, si juu ya majani, kwa kuwa majani yanayolala na maji huleta madoa meusi. Kuanzia Desemba hadi Februari maji ni ya kuhesabu: tumia yale uliyooshea mboga, na utandaze nyasi kavu kuzunguka shina.

Miche mingi imeunganishwa juu ya mizizi ya waridi jingine. Chipukizi likitoka chini ya kiungio, liondoe mapema, la sivyo litalishinda lile ulilonunua. Pogoa karibu na mwisho wa kiangazi.

Ombi langu la mwisho. Tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024, ujenzi unaendelea, na nyua nyingi zinafunikwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Unapojenga, bakisha mita moja ya udongo. Mvua itapata pa kuzama, na waridi litapata pa kukaa. Ukikwama, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako.