Pipa la Kusugulia Kutu

(Hotuba ya Fundi wa Karakana katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka 10)



Bwana Katibu aliponiarifu kwamba natakiwa kusema maneno machache siku ya leo, nilidhani amekosea mlango. Mimi ni fundi. Kazi yangu ni nati na grisi, wala sikuzoea kusimama mbele ya watu wengi namna hii. Lakini alinieleza ya kuwa wako watakaosema habari za bei, na wako watakaosema habari za mikopo, bali hakuna atakayesema habari za kutu. Basi nikakubali, kwa kuwa kutu naifahamu.

Kila mmoja wenu ameiona mashine ya kumenya kahawa baada ya msimu. Maji ya kahawa ni makali. Utelezi wa buni ukichacha hutoa asidi, na asidi hiyo hula chuma usiku na mchana. Mashine ikioshwa kwa haraka na kufungiwa ghalani ingali na unyevu, ukija kuifungua mwaka wa pili utakuta nati zimeshikana na bolti zake, springi hazinyumbuki, na kila kipande kina magamba mekundu. Zamani tulikuwa na njia mbili tu. Ama tuliketi na brashi ya waya na msasa, tukisugua kimoja kimoja hata vidole vikachubuka; ama tulivitia vyote katika debe la takataka na kwenda mjini kununua vipya. Bolti moja si kitu. Lakini mashine moja ina bolti nyingi, na vyama vya msingi ni vingi, na fedha za kununulia hutoka katika malipo ya mkulima kabla mkono wake haujazigusa.

Ndiyo sababu tukalitengeneza pipa lile mlilolipita pale mlangoni, ambalo vijana wa karakana huliita treni kwa sababu ya kelele zake. Si uvumbuzi wetu. Viwanda vya chuma duniani vimekuwa na mapipa ya namna hii tangu zamani, na shauri lake ni jepesi: ukitia vipande vyenye kutu pamoja na mchanga mkali ndani ya pipa, ukalizungusha polepole kwa saa nyingi, vitu hivyo vitasuguana vyenyewe, nawe utakuwa huru kufanya kazi nyingine.

Pipa lenyewe ni la chuma, lile la lita 20 liliwalo rangi au oili, lenye kifuniko cha kubana kwa pete. Kipenyo chake ni yapata sentimeta 30. Ndani tumechomelea vipande vitatu vya chuma cha pembe, kutoka kitako hata karibu na mdomo, ili viwe kama mikono ya kuinua mzigo. Pasipo mikono hiyo mzigo huteleza tu chini kama mtu aliyelala. Kisha tumelivika ndani mpira wa tyubu kuukuu ya lori, ambao hupunguza kelele na kulinda pipa lisitoboke. Pipa hulala juu ya vyuma viwili vya mviringo vilivyokaa sambamba juu ya beringi. Kimoja hujizungukia bure. Cha pili huzungushwa na mota, nacho kimevikwa mpira ili kilishike pipa na kulizungusha. Mota tuliipata katika mashine mbovu ya kufulia: nguvu yake ni robo ya nguvu ya farasi.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini katika jambo la mwendo, maana hapa ndipo wengi wanaojaribu nyumbani hushindwa. Mtu hufikiri kwamba pipa likienda mbio litasafisha upesi. Sivyo. Mwajua ya kuwa ukizungusha ndoo ya maji kwa nguvu juu ya kichwa chako, maji hayamwagiki. Hujigandamiza katika kitako cha ndoo. Ndivyo hufanya mchanga na bolti: pipa likipita mwendo fulani, vyote hugandamana na ukuta wake na kuzunguka pamoja nalo, wala hakuna kinachosuguana na mwenziwe. Waweza kuliacha hivyo siku nzima, jioni ukafungua na kukuta kutu ileile ya asubuhi. Kwa upande mwingine, likienda polepole mno, mzigo huyumba tu pale chini. Mwendo unaofaa ni ule unaouinua mzigo ubavuni hata ukaporomoka wenyewe, kama mahindi yaporomokavyo katika lundo unapochota chini yake.

Mwendo wa kugandamana huhesabiwa hivi: chukua kipenyo cha pipa kwa mita, utafute kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 42.3 kwa hesabu hiyo. Kwa pipa letu la mita 0.3 jibu ni mizunguko 77 kwa dakika. Sisi tunakwenda kwa kiasi cha mizunguko 44, yaani kupita nusu kidogo. Lakini mota huzunguka mara 1,440 kwa dakika! Basi tuliutuliza mwendo kwa hatua mbili. Puli ya mota ina milimeta 50, nayo huvuta kwa mkanda puli ya milimeta 300, hivyo mizunguko hushuka hata 240. Kisha chuma kilichovikwa mpira, chenye milimeta 55, hulizungusha pipa la milimeta 300, nayo 240 hushuka ikawa 44. Asiye na umeme asikate tamaa. Mkono na kishikio vyatosha kwa mzigo mdogo, ijapokuwa watoto waliokuwa wakiomba kuzungusha siku ya kwanza siku ya pili hawaonekani.

Mzigo usipite nusu ya pipa. Katika nusu hiyo, fungu moja liwe vipande vya chuma na mafungu matatu mchanga. Ukizidisha, mpira huteleza na pipa husimama huku mota ikiunguruma, na mkanda huanza kunuka. Mchanga uwe ule wenye pembe, wa kupasuliwa kwa mawe. Mchanga wa pwani umekwisha viringika kwa mawimbi, tena una chumvi, na chumvi ni mama wa kutu. Vipande vyenye grisi vioshwe kwanza kwa maji ya moto na magadi, maana grisi hufanya mchanga kuwa ugali. Huachwa saa 6 hadi 12, nawe ufungue mara kwa mara utazame. Baadaye twavihamishia katika machujo ya mbao makavu, au pumba za mpunga zilizotiwa matone machache ya oili, kwa muda wa saa moja. Pumba zina chembe ngumu ndani yake ambazo hung'arisha chuma bila kukila, nayo oili hubaki kama nguo nyembamba. Chuma kilichotoka kusuguliwa ni uchi kabisa; kikilala usiku mmoja bila mafuta, asubuhi kimekwisha badilika rangi.

Wengine hupenda kutumia siki kulegeza kutu. Ni dawa njema, lakini itumieni katika beseni lililo wazi, wala si ndani ya pipa lililofungwa. Asidi ikikutana na chuma hutoa hewa ya haidrojeni, hewa inayowaka. Hujaa ndani hata kifuniko kikaruka. Wala springi zisilale katika siki, kwa maana hewa hiyo hupenya katika chuma kigumu na kukifanya chepesi kuvunjika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hata hapa nimesema mazuri ya pipa. Sasa hapana budi niseme kosa langu, ambalo baadhi yenu hapa mwalijua kwa upande mmoja tu.

Katika mwaka wa pili wa pipa hili, karani wa kituo kimoja cha kupokelea kahawa aliniletea mawe ya mizani yake ya jukwaa. Yalikuwa na kutu, naye aliona haya kupimia mali ya watu kwa vyuma vichafu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na furaha ya mtu mwenye chombo kipya, niliyatia yote pipani pamoja na bolti, nikayaacha usiku kucha. Asubuhi yalitoka yaking'aa. Karani alishukuru, akayarudisha kituoni, na msimu ukaanza.

Mwisho wa msimu hesabu zilikataa. Kahawa iliyoandikwa katika vitabu vya kupokelea ilikuwa nyingi kuliko ile iliyopatikana ghalani. Karani aliulizwa, hakuwa na jibu. Akaulizwa tena, akalia. Mnajua jinsi maneno yaendavyo vijijini: kabla hajaandikiwa barua ya kusimamishwa kazi, watoto wake walikuwa wamekwisha itwa watoto wa mwizi kisimani. Nami pia, nakiri mbele yenu, nilisema moyoni kwamba huenda ni kweli.

Miezi miwili baadaye niliitwa kutengeneza mizani ile, nikaligeuza jiwe moja. Chini yake pana tundu. Kila mwenye kuyafahamu mawe ya mizani anajua kwamba tundu hilo hujazwa risasi, ndiyo inayosawazisha uzito, na juu ya risasi hupigwa chapa ya mkaguzi. Tundu lilikuwa tupu. Risasi ni laini. Mchanga wangu ulikuwa umeila na kuing'oa. Nililichukua jiwe lile, ambalo ilipasa liwe gramu 500, nikalipima katika mizani ndogo: gramu 492. Mtasema gramu 8 si kitu, ni kama kijiko cha sukari. Lakini mizani ya jukwaa ya namna ile huzidisha mara 100. Jiwe la gramu 500 husimama badala ya kilo 50. Jiwe la gramu 492 husimama badala ya kilo 49 na gramu 200. Kila gunia karani aliloliandika kilo 50 lilikuwa limepungua gramu 800, naye hakujua. Katika magunia 500 hizo ni kilo 400, wala hakuna mkono wa mtu uliozigusa.

Nilikwenda kwa Halmashauri siku ileile. Wako waliodhani namtetea rafiki, na sikuwalaumu. Basi akaitwa mkaguzi wa Wakala wa Vipimo, akayapima mawe yote mbele ya wajumbe, na jambo likawa wazi. Karani alirudishwa kazini na kulipwa mshahara wake wa miezi ile. Maneno ya kisimani hayakuwa na wa kuyalipa. Ama wakulima waliolipwa kwa gramu 800 ambazo hawakuzileta, sijasikia hata mmoja aliyezirudisha!

Tangu siku hiyo pana ubao juu ya pipa, umeandikwa kwa rangi nyekundu vitu visivyoingia. Cha kwanza ni mawe ya mizani: yakishika kutu yapelekwe kwa mkaguzi, hata kama kituo chenu kimekwisha pata mizani ya kidijiti na mawe hayo ni ya akiba tu. Pia beringi, kwa kuwa mchanga ukiingia hautoki. Pia bati la shaba la mashine ya kumenya, ambalo meno yake ndiyo kazi yake yote. Pia vyuma vilivyopakwa zinki, kwani utaondoa kinga yake. Na vitu vyenye rangi kuukuu visisuguliwe vikavu, maana rangi za zamani nyingi zina risasi, na vumbi lake ni sumu kwa fundi na kwa watoto wa fundi. Visuguliwe na maji yaliyotiwa magadi, na maji hayo yasimwagwe mtoni.

Mkanda na puli tumevifunika kwa wavu wa chuma. Hili si pambo. Kanga au mkono wa shati ukishikwa na mkanda, mota haingoji kuulizwa. Waya wa kuingia ardhini ufungwe katika fremu kabla ya umeme kuwashwa, wala pipa lisiachwe peke yake usiku, kama nilivyofanya mimi.

Vyama vya msingi vinavyotaka kutengeneza pipa lao vitume kijana mmoja karakana siku yoyote ya Jumatano, aje na vipimo vya mota waliyo nayo, nasi tutamhesabia puli. Wanaotaka kusafishiwa tu walete vipande katika gunia lenye jina la chama, vikiwa vimeoshwa grisi. Baada ya chakula nitaliwasha pipa pale nje kwa robo saa. Bolti zilizomo ni za mashine ya kituo kile kile nilichokitaja, na karani wake, ambaye yuko hapa ukumbini, amekubali kuwa yeye ndiye atakayefungua kifuniko. Naomba watoto wakae nyuma ya kamba.