Kwa Nini Dawa ya Saratani Ina Tarehe Yake
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Shika Adabu, Likoni

Mada ni dawa za saratani, zinavyofanya kazi mwilini, na kwa nini mgonjwa hapaswi kukosa tarehe yake wala kupuuza homa.

Kila seli inayogawanyika ina DNA, uzi unaobeba maagizo ya mwili. Uzi wa seli moja ukinyooshwa hufika takriban mita 2, nao umekunjwa mahali pasipoonekana kwa macho. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili uzi wote. Hapo uzi hujisokota na kuingia mafundo, kama mshipi wa mvuvi uliorundikwa ovyo chomboni.

Kazi ya kufungua mafundo ni ya vimeng'enya viitwavyo topoisomerasi. Kimeng'enya hukata uzi, hupitisha uzi mwingine katikati, kisha huunga palipokatwa. Cha kwanza kilielezwa na mwanasayansi James Wang, Marekani, mwaka 1971. Vimeng'enya vya binadamu vina masharti: joto la kama nyuzi 37, madini kama magnesiamu, na asidi isiyozidi. Joto likipanda mno huharibika, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango.

Joto kali lingeharibu vimeng'enya vya saratani, lakini lingemuua mgonjwa pia. Dawa hutumia njia nyingine. Doksorubisini na etoposidi hukinasa kimeng'enya baada ya kukata, kabla hakijaunga. Mikato ikizidi, seli hufa. Methotrekseti huzuia kimeng'enya kingine, kinachosaidia kutengeneza vipande vya kujengea DNA. Dawa hiyo ilitumika Uganda miaka ya 1960 kwa watoto wenye saratani ya taya aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958.

Tatizo ni kwamba seli zenye afya zina vimeng'enya vilevile. Zinazogawanyika haraka ndizo huumia: za mizizi ya nywele, za mdomo na matumbo, na za uboho unaotengeneza damu. Ndiyo sababu dawa nyingi hutolewa kwa awamu, mara nyingi kila baada ya wiki 3, ili uboho upone. Mgonjwa akikosa tarehe, saratani nayo hupata nafasi ya kujijenga upya. Nywele kunyonyoka si dalili kwamba dawa imeshindwa, na kwa kawaida huota tena.

Familia yenye mgonjwa izingatie haya:

Kwanza, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, ni dharura. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe za damu huwa chache na maambukizi yanaweza kuua kwa saa chache. Mgonjwa asingoje asubuhi, wala asimeze dawa ya homa akalala. Anayetibiwa ng'ambo ya kivuko apange usafiri wa usiku mapema, na popote afikapo aseme kwanza kwamba yuko kwenye dawa za saratani.

Pili, doksorubisini ni nyekundu. Mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili baada yake ni rangi ya dawa. Ukiendelea, amwone daktari.

Tatu, kadi ya matibabu itunzwe. Doksorubisini inaweza kudhoofisha moyo, kwa hiyo daktari huhesabu jumla ya dozi zote alizowahi kupata mgonjwa.

Nne, kila dawa itajwe kliniki, hata ya mitishamba. Methotrekseti ikichanganywa na Septrin au baadhi ya dawa za maumivu inaweza kuwa sumu.

Anayeona dawa zimemzidi asiache kimyakimya. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuahirisha au kubadilisha dawa, mradi ameambiwa.