Tundu la Wavu: Mhadhara wa Umma, Vitshumbi

Wazee wetu, mama zetu wauza samaki, wavuvi, nanyi wanafunzi mliotoka Goma,

Hapo nje kuna mzee anashona wavu. Uzi ameubana kwa kidole gumba cha mguu, na tangu tuingie hajainua kichwa. Nitaanzia kwake, maana kazi yake na yangu mimi daktari zinafanana.

Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba tundu la wavu ndilo linaloamua nani apite na nani abaki. Chandarua, mustikeri yetu, hakitakiwi ziwani kwa sababu hakiachi hata vifaranga vya samaki. Huko Kamuli, mashariki ya Uganda, matundu hayohayo madogo yalipata kazi nyingine hospitalini.

Ngiri mnaijua. Mtu anasukuma mtumbwi, nyama ya kinena inaachia, utumbo unachungulia. Anaurudisha kwa kiganja, anakaza mshipi, anaendelea na kazi. Siku utumbo ukikwama, ni usiku, na hospitali ya Rutshuru iko mbali.

Daktari ana njia mbili. Anaweza kuvuta kingo za nyama zikutane kwa nguvu, azishone. Au anaweka kipande cha wavu pale palipolegea, nyama iote ndani yake. Nchi tajiri zilihamia njia ya pili zamani. Sisi tulikwamia kwenye bei: kipande kilichotengenezwa na kampuni kilipita dola 100, na cha chandarua kilikuwa kama dola 1.

Watafiti wa Uganda na Sweden wakachukua wanaume 302. Kura ndiyo iliyoamua nani apate wavu wa kampuni na nani apate kipande cha chandarua kilichotakaswa kwa mvuke. Mgonjwa hakujua amewekewa kipi. Aliyemkagua baadaye naye hakujua. Nawapenda kwa hilo, maana sisi madaktari tukijua tunaona tunachotaka kuona. Matokeo yalitoka mwaka 2016: baada ya mwaka mzima ngiri ilimrudia mtu 1 wa chandarua, na wa kampuni hakuna. Waliopata matatizo baada ya kupasuliwa walikuwa asilimia 30.8 upande wa chandarua, 29.7 upande wa kampuni. Si kidogo, nami siwafichi. Anayekuahidi kisu kisicho na tatizo ana kitu anakuuzia.

Tafadhali, msikate mustikeri za nyumbani. Ule wavu wa jaribio haukuwa na dawa ya kuua mbu.

Sasa maumivu. Hayana mizani, kwa hiyo tunauliza: kutoka 0 mpaka 10, unaumwa kiasi gani? Mvuvi anatazama dari, anasema, “Ni sawa tu, dokta.” Mwambie akohoe. Mkono unaruka wenyewe kushika kidonda. Ndiyo maana jaribio lenye akili humpima mtu akiwa ametulia, likampima tena akikohoa au akiinuka kitandani. Na dawa apewe kwa saa zake: ganzi ikiisha nguvu, parasetamoli iwe imekwisha kumezwa, si asubiri mpaka alie.

Kongo yetu nayo imewahi kuwa ndani ya jaribio la kura kama lile la Uganda. Wanawake 524 wenye fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo, katika hospitali 8 za nchi 8 za Afrika, walishonwa, kisha kura ikaamua nani akae na mpira wa mkojo siku 7 na nani siku 14. Mshono uliachia kwa asilimia 4 ya wale wa siku 7, na 3 ya wale wa siku 14. Watafiti wakaona wiki moja yatosha kwa fistula nyepesi. Matokeo yalichapishwa 2015. Mama mwenye watoto nyumbani hahitaji kuelezwa thamani ya wiki moja, wala mwenzake anayengoja kitanda hichohicho.

Ningepewa nafasi ya kuanzisha jaribio hapa Vitshumbi, daftari langu lingekuwa na maswali mawili juu ya mengine yote. Usiku wa kwanza ulilala? Na ni siku ya ngapi uliposhika kasia tena?