Hotuba Juu ya Ugonjwa wa Presha na Kudumu katika Dawa



Chama chetu ni cha kusaidiana, na fedha zetu nyingi huenda katika majeneza na gari la kupeleka maiti nyumbani. Hilo ni jambo la heshima, wala silipingi. Lakini leo nawaombeni tuwafikirie wale ambao gari hilo lingeweza kuwangojea miaka mingi zaidi.

Shinikizo la damu, ambalo sisi huliita presha, halina kelele. Uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Kenya alikuwa nalo, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Damu isukumwayo kwa nguvu kupita kiasi huuchosha moyo: misuli yake hunenepa, kisha hulegea. Mshipa wa ubongo waweza kuziba au kupasuka, ndicho kiharusi. Nazo figo huharibika polepole. Mwenyewe hahisi neno.

Hapo ndipo penye taabu. Mtu hupewa vidonge, presha ikashuka, akajiona mzima, akaviacha. Wala hatambui ya kuwa ni vidonge hivyo vilivyomweka mzima. Malaria huponywa kwa dawa ya siku tatu. Presha hutawaliwa tu, na kwa wengi hutawaliwa maisha yote.

Si haki, hata hivyo, kuwaita wajinga wote waachao dawa. Kibarua akipoteza siku moja katika foleni ya kliniki, jioni watoto hawana unga. Kuna vidonge vinavyompeleka mtu haja ndogo mara kwa mara, na Kibera choo hulipiwa. Mama auzaye mboga Kawangware kutwa nzima naye afanyeje? Vingine huleta kikohozi kikavu. Mwenye shida hizo asiache dawa kimyakimya, bali amweleze tabibu, kwani saa ya kumeza yaweza kubadilishwa, na hata dawa yenyewe. Wako pia mume na mke wanaogawana vidonge vya mmoja ili vifike mwisho wa mwezi: huko ni kupendana, lakini si matibabu.

Juu ya foleni, Kibera yenyewe imekwisha kutoa mfano. Kati ya Agosti 2013 na Agosti 2014, Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililokuwa likihudumu huko, liliunda vikundi vya wagonjwa 25 hadi 35 ambao hali zao zilikuwa zimetulia. Walikutana kila baada ya miezi mitatu, wakapimwa, wakasikiliza mafunzo mafupi, wakachukua dawa zao. Walioingia walizidi 1,400. Wenye presha, wenye kisukari na wenye virusi vya Ukimwi waliketi pamoja, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa busara kubwa, maana jirani apitaye hakuweza kujua nani amefuata nini.

Nasi hukutana daima. Napendekeza kinunuliwe kipimo cha presha kimoja kwa tawi la Kibera na kimoja kwa Kawangware, na mwanachama aliyeishiwa fedha za vidonge akopeshwe kutoka mfuko uleule wa mazishi. Bei nimemkabidhi Katibu. Wanaokubali kupimwa wataandikwa mlangoni baada ya chai, na ningefurahi wazee wakitangulia.