Friji ya Chanjo Isiyo na Betri na Wajibu wa Kamati ya Zahanati

Hotuba kwa wanakamati wa zahanati na wahudumu wa afya ya jamii



Mama hutoka nyumbani alfajiri na mtoto wa wiki 6 mgongoni, akatembea hadi zahanati, akarudi na alama kwenye kitabu cha kliniki. Kitabu kinasema mtoto amepata chanjo. Lakini kama chanjo ile iliwahi kuganda ndani ya friji, huenda mtoto amedungwa sindano bure, na hakuna atakayejua mpaka ugonjwa ubishe hodi. Ndiyo sababu mazungumzo ya leo yanahusu friji.

Chanjo zinazotumika zahanati hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, mchana na usiku. Joto huharibu upesi chanjo ya matone ya polio. Kuganda nako huharibu chanjo ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na ugonjwa wa Hib. Chanjo ya nimonia pia huharibika ikiganda. Watu wengi huogopa joto peke yake. Hata kibandiko cha kichupa, kile chenye mraba ndani ya duara, huonyesha athari ya joto tu. Hakionyeshi kama chanjo iliganda. Kwa hiyo friji ya nyumbani haifai: karibu na sehemu ya barafu vitu huganda, na mlangoni joto hupanda kila unapofunguliwa.

Kwa miaka mingi, zahanati zisizo na stima zilitegemea friji za mafuta taa au za mtungi wa gesi. Moto wake ulikuwa mgumu kurekebisha, na mafuta yakiisha, baridi nayo huisha. Baadaye zikaja friji za sola zenye betri. Paneli zilidumu, kompresa ikadumu, lakini betri huchoka baada ya miaka michache. Pesa za kununua nyingine mara nyingi hazikuwa kwenye bajeti, na friji nzima ikageuka kabati la kuwekea faili.

Hapo ndipo wahandisi walipobadilisha mpango. Kinachotakiwa usiku ni baridi, basi ihifadhiwe baridi badala ya umeme. Katika friji ya sola isiyo na betri, jua likiwaka paneli huendesha kompresa moja kwa moja, na kompresa hugandisha maji yaliyofungiwa ndani ya friji. Jua likizama, barafu hiyo huendelea kunyonya joto. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto linalokaribia lile linalohitajika kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Barafu ndiyo betri, na haichoki. Shirika la Afya Duniani hutaka friji za aina hii zilinde chanjo kwa angalau siku 3 jua likikosekana.

Sehemu nyingine pia zimeboreshwa. Kuta zina sponji nene ya kuzuia joto. Friji nyingi hufunguliwa kwa juu, kwa sababu hewa baridi ni nzito na haimwagiki kifuniko kinapoinuliwa. Kompresa huanza taratibu, hivyo huweza kufanya kazi hata kwa jua la asubuhi. Kati ya barafu na chanjo huwekwa kizuizi ili chanjo isiguse baridi kali. Friji zenye kinga bora ya kuganda huitwa za Daraja A: muuguzi hahitaji kurekebisha chochote ili chanjo isigande.

Gesi ya ndani nayo imebadilika. Ile ya zamani, R12, ilitoboa tabaka la ozoni na ikaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Iliyofuata, R134a, haiharibu ozoni, lakini kilo 1 yake ikivuja huongeza joto duniani kuliko kilo 1,000 za kaboni dioksidi. Friji nyingi mpya hutumia R600a, ambayo athari yake kwa hali ya hewa ni ndogo sana. Ila R600a hushika moto. Fundi asiye na mafunzo yake asiruhusiwe kuchomelea bomba wala kujaza gesi.

Friji hii ni nzuri, lakini haiwezi kujipangusa. Hapo kazi ni ya kamati.

Kwanza, paneli zisafishwe vumbi na kinyesi cha ndege, na matawi yanayotia kivuli yakatwe. Pili, umeme wa paneli usitumiwe kuchaji simu, isipokuwa friji imewekewa kifaa maalum cha kugawa umeme wa ziada. Tatu, soda na chakula visiwekwe humo. Kila kifuniko kinapofunguliwa bila sababu, barafu hupungua. Nne, raba ya kifuniko ikaguliwe, kwa sababu ikipasuka joto huingia usiku kucha. Tano, kipimajoto kisomwe asubuhi na jioni kila siku, wikendi pia, na namba iandikwe. Ikishuka chini ya 2 au ikipita 8, muuguzi atoe taarifa siku hiyo hiyo, na chanjo hizo zisitumike kabla hazijakaguliwa.

Kamati inapokutana, iombe kuona karatasi ya joto kama inavyoomba kuona hesabu ya pesa. Karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha kama alama iliyo kwenye kitabu cha mtoto ni ya kweli.